The Good Ones: Sauti za kilimani zilizovuka bahari

The Good Ones ni kundi la waimbaji wa Rwanda linaloimba kwa Kinyarwanda, kwa sauti zinazopatana, likisindikizwa na gitaa lisilo la umeme na ala chache za kujitengenezea. Nguzo zake ni Adrien Kazigira na Janvier Havugimana, wakulima na marafiki waliokua pamoja katika vilima vya mashambani na kuanza kuimba wakiwa watoto mwishoni mwa miaka ya 1970. Kati ya mwaka 2010 na 2025 kundi hili limetoa albamu tano, na magazeti ya Marekani na Ulaya yameziandikia uhakiki. Katika mitaa ya Kigali, hata hivyo, jina lao halisikiki kama yasikikavyo majina ya okestra za zamani au ya vijana wa muziki wa kisasa.

Makala haya yanaeleza kundi hilo ni la namna gani, lilitoka wapi, linaimba vipi, na kwa nini urithi wake ni suala linalowahusu Wanyarwanda na wasikilizaji wa Kiswahili walio miongoni mwao.

Uimbaji wa namna gani?

Wahakiki wa nje wamejaribu kuwapa majina mengi: muziki wa kijijini, muziki wa wafanyakazi, nyimbo za mapenzi. Mfano mmoja unaoweza kumsaidia msikilizaji ni ule wa doo-wop, mtindo uliostawi katika mitaa ya Wamarekani weusi ya New York, Philadelphia, Baltimore, Chicago na Los Angeles katika miaka ya 1940 na 1950.

Doo-wop ilikuwa sanaa ya vijana wasio na fedha za kununua ala. Wanne au watano walisimama kwenye pembe ya barabara, katika ngazi za nyumba au kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, mahali ambapo kuta zilirudisha mwangwi. Mmoja alibeba maneno, mwingine alipanda kwa sauti nyembamba, wa tatu aliguruma chini kwa besi, na waliobaki walijaza nafasi kwa silabi zisizo na maana, zilizofanya kazi ya ngoma na tarumbeta. Jina la mtindo huo limetokana na silabi hizo.

Rekodi zake kadhaa maarufu zilifanywa katika mazingira duni. Kundi la The Five Satins lilirekodi wimbo wao mashuhuri, "In the Still of the Night", katika chumba cha chini cha kanisa mjini New Haven, na ukatoka mwaka 1956. Makundi mengi ya wakati huo yaliacha wimbo mmoja au miwili, kisha waimbaji wakarudi viwandani na majumbani.

The Good Ones hawakuiga mtindo huo, wala hawatumii silabi hizo. Undugu wao na doo-wop uko katika hali iliyouzaa: watu wasio na vyombo vingi, wanaotegemea koo zao, na wanaojifunza kusikilizana kabla ya kujifunza kitu kingine chochote katika muziki. Sauti moja huongoza, ya pili huifuata kwa umbali mdogo, juu yake au chini yake, na mara nyingi huingia kabla ya ile ya kwanza kumaliza pumzi. Mtu anayesikiliza kwa mara ya kwanza huweza kushindwa kutambua ni nani kati yao anayeongoza.

Afrika na uimbaji wa makundi

Uimbaji wa aina hiyo una historia ndefu barani Afrika. Mjini Johannesburg, kundi la The Manhattan Brothers lilianza katika miaka ya 1930, likachanganya mtindo wa makundi ya Marekani na lugha za Afrika Kusini. Miriam Makeba alipitia humo kabla ya kuwa nyota wa dunia. Mwaka 1939, Solomon Linda na wenzake wa The Evening Birds walirekodi "Mbube" katika mji huohuo.

Wimbo huo ulivuka bahari. Mwaka 1961 kundi la vijana wa New York, The Tokens, liliutoa upya kwa mtindo wa doo-wop na maneno ya Kiingereza, ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya Marekani. Linda alifariki mwaka uliofuata akiwa maskini. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kesi ndefu. Kisa hicho hutajwa kila panapozungumzwa haki za waimbaji wa Afrika ambao kazi zao zinauzwa mbali na nyumbani.

Katika Afrika ya Kati na Mashariki, gitaa ndilo lililobadilisha uimbaji wa watu wa kawaida. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa mwaka 1952 na mtafiti Hugh Tracey, na upigaji wake wa kudonoa nyuzi kwa vidole ukasikika kupitia santuri na redio hadi Nairobi na kwingineko. Katika mwaka huohuo wa 1952 Tracey alifika pia Rwanda na kurekodi muziki wa jumba la mfalme pamoja na ngoma za kifalme. Hivyo santuri za enzi hiyo zimehifadhi pande mbili: muziki wa ikulu kwa upande mmoja, na mpiga gitaa wa mjini kwa upande mwingine. Nyimbo za mkulima wa kilimani, zilizoimbwa jioni kwa jirani na kwa mke, zilihifadhiwa kwa uchache zaidi. Hizo ndizo nyimbo za The Good Ones.

Mwanzo na mwalimu wao

Kwa mujibu wa maelezo yanayoambatana na albamu zao, Kazigira na Havugimana walifundishwa muziki na kaka mkubwa wa Havugimana, aliyekuwa haoni. Mwalimu huyo aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kazigira alinusurika, na ameendelea kuishi na kulima katika ardhi ya familia yake.

Jina la kundi, ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema "Walio Wema", linaelezwa kuhusiana na kipindi kilichofuata. Baada ya mauaji hayo, kuimba pamoja kulikuwa njia ya kutafuta watu wema waliobaki. Maelezo hayohayo yanasema kwamba waimbaji watatu wa awali walitoka katika makundi matatu ambayo vitambulisho vya zamani viliyatenganisha. Vitambulisho hivyo vilianzishwa na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1930, vikatumika mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe, na leo kitambulisho cha Rwanda hakina tena kipengele hicho.

Ni rahisi kwa mtu wa mbali kuligeuza jambo hilo kuwa hadithi nzuri ya maridhiano na kuishia hapo. Msikilizaji wa Rwanda analisikia kwa namna nyingine. Uimbaji wa sauti zinazopatana una sharti moja gumu: mwimbaji lazima apunguze sauti yake ili amsikie mwenzake, na lazima amwamini kwamba hatamwacha katikati ya mstari. Baada ya 1994, kuketi na jirani na kumpa imani ya kiasi hicho halikuwa jambo dogo.

Pengo la mwaka 1994

Muziki wa Rwanda ulipoteza watu wengi mwaka huo. Miongoni mwa waliouawa ni André Sebanani wa Orchestre Impala, aliyejulikana pia kwa uigizaji katika michezo ya redio, Rodrigue Karemera, na Dieudonné Bizimungu, aliyeuawa pamoja na mkewe na mwimbaji mwenzake, Agnès Uwimbabazi. Nyimbo zao bado zinapigwa redioni katika vipindi vya zile zinazoitwa karahanyuze, yaani nyimbo za zamani zinazopendwa, na vizazi viwili vya Wanyarwanda vimezikariri.

Waimbaji hao waliacha kanda. Mwalimu wa The Good Ones ni wa kundi jingine la wafu: wale walioimba maisha yao yote bila kufika mbele ya kipaza sauti. Kinachobaki kwao ni kile ambacho wanafunzi wao wanakikumbuka. Kwa maana hiyo, kila wimbo wa Kazigira na Havugimana unabeba pia namna ya kuimba ya mtu ambaye sauti yake haikuhifadhiwa popote.

Albamu tano

Mwaka 2009 mtayarishaji wa muziki kutoka Marekani, Ian Brennan, alifika Rwanda pamoja na mkewe, Marilena Umuhoza Delli, mpiga picha na mwandishi Mwitaliano ambaye mama yake ni Mnyarwanda. Brennan hurekodi nje ya studio, kwa vifaa vichache, waimbaji wakiimba pamoja kwa wakati mmoja. Baadhi ya wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu kwa kazi yake ya baadaye katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria nchini Tanzania, alikorekodi nyimbo za watu wenye ualbino zilizotoka mwaka 2017, na kwa albamu ya wafungwa wa gereza la Zomba nchini Malawi.

Albamu ya kwanza ya The Good Ones, "Kigali Y' Izahabu", ilitolewa mwaka 2010 na kampuni ya Dead Oceans ya Marekani. Waimbaji walikuwa Kazigira, Havugimana na Stany Hitimana. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuelewa jina lake: izahabu ni dhahabu, na albamu hiyo inaitwa Kigali ya Dhahabu.

Ya pili, "Rwanda Is My Home", ilifuata mwaka 2015. Ya tatu, "RWANDA, you should be loved", ilitolewa mwaka 2019 na kampuni ya ANTI-, na ilirekodiwa katika shamba la Kazigira, kilimani, mahali ambapo hapakuwa na umeme. Wanasikika humo pia wanamuziki wa roki wanaojulikana, kama Nels Cline wa Wilco, Corin Tucker wa Sleater-Kinney na Kevin Shields wa My Bloody Valentine, lakini wageni hao wamewekwa nyuma na sauti za Kinyarwanda zimebaki mbele.

Albamu ya nne, "Rwanda... You See Ghosts, I See Sky", ilitoka Aprili 2022 kupitia kampuni ya Six Degrees. Jina lake linaweza kufasiriwa hivi: wewe unaona mizimu, mimi ninaona mbingu. Ya tano, "Rwanda Sings with Strings", ilitolewa mwaka 2025 na kampuni ya Ujerumani ya Glitterbeat, na ndani yake sauti za Kazigira na Havugimana zinaambatana na vinanda vya nyuzi vya Kizungu.

Namna wanavyofanya kazi

Mtunzi mkuu wa nyimbo ni Kazigira. Mada zake ni za nyumbani: mke, mtoto, rafiki aliyepotea njia, kazi ya shamba, ulevi, uaminifu. Hata albamu ambazo majina yake yameitaja Rwanda kwa fahari zina nyimbo nyingi zaidi za mapenzi kuliko za taifa. Kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imo, ila mara nyingi hupitia katika jambo jingine, kama inavyopita katika mazungumzo ya watu wanaoishi nayo kila siku.

Gitaa halitawali. Linapigwa kwa mzunguko mfupi unaojirudia, na kazi yake ni kuzipa sauti mahali pa kusimama. Mapigo hutoka katika vitu vilivyo karibu, viatu na zana za kazi zikiwamo. Kwa msikilizaji aliyezoea kwaya za makanisa ya Rwanda, ambazo tangu miaka ya 1960 zimefikia kiwango cha juu cha upangaji wa sauti nne, uimbaji huu unaweza kuonekana haujanyooshwa. Kwaya hufundishwa na mwalimu mwenye nota mkononi. Wawili hawa wamerekebishana kwa miaka zaidi ya 40, na upangaji wao umo katika mazoea ya mtu na mwenzake. Ndiyo maana ni vigumu kuuandika kwenye karatasi, na vigumu kuurithisha.

Wasikilizaji wako wapi?

Hapa ndipo penye swali zito kuhusu kundi hili. Albamu ya kwanza ina jina la Kinyarwanda. Zote nne zilizofuata zina majina ya Kiingereza. Nyimbo nazo hutambulishwa kwa tafsiri ndefu za Kiingereza, ilhali zinaimbwa kwa Kinyarwanda mwanzo hadi mwisho. Mnunuzi wa Berlin au San Francisco anasoma jina la wimbo, anapenda sauti, na maneno yanampita. Mkazi wa Kigali ambaye angeelewa kila neno, pamoja na mzaha na methali zilizomo, ana nafasi ndogo ya kuzikuta nyimbo hizo katika kituo cha basi, kwenye baa au harusini.

Hali hiyo si ya The Good Ones peke yao. Inawahusu wanamuziki wengi wa Afrika ambao kazi zao huitwa muziki wa dunia: wanatambulika kwanza kwa masikio ya mbali, na picha yao huchorwa kwa mahitaji ya msikilizaji huyo. Katika picha hiyo, mkulima wa Rwanda huwa kwanza mwathirika wa historia, na mtunzi baadaye. Anayeelewa lugha husikia mpangilio ulio kinyume: mtunzi anayependa maneno, mwenye wivu na utani, ambaye pia ameona yaliyotokea.

Upande wa pili wa hoja hii nao unastahili kusemwa. Bila kampuni hizo za nje, nyimbo hizi zingebaki kilimani. Albamu tano katika miaka 15 ni kumbukumbu ambayo waimbaji wengi wa vijijini hawakuwahi kuipata, na jina la mtunzi limeandikwa wazi. Hilo pekee linawatofautisha na Solomon Linda, na pia na vijana wa doo-wop kama The Chords, ambao wimbo wao "Sh-Boom" wa mwaka 1954 uliimbwa upya na kundi la wazungu katika mwaka huohuo na kuuzwa zaidi kuliko ule wa awali.

Urithi na nani ataubeba

Rwanda ni mwanachama wa Mkataba wa Berne unaolinda kazi za fasihi na sanaa tangu mwaka 1984, na mwaka 2009 ilipitisha sheria ya kulinda mali ya ubunifu. Sheria humlinda mtunzi anayejulikana na wimbo uliothibitishwa. Haiwezi kumlinda mwalimu asiye na kanda, wala wimbo ulio kichwani mwa mzee mmoja. Ulinzi wa nyimbo za aina hiyo huanza na kazi ndogo zaidi: kurekodi, kuandika maneno yote kwa Kinyarwanda, kutaja nani alitunga na nani alimfundisha, na kuweka nakala mahali ambapo mwanafunzi wa Rwanda anaweza kuifikia.

Wasikilizaji wa Kiswahili nchini Rwanda wana sababu yao ya kulifuatilia jambo hili. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, lakini kwa miongo mingi kabla ya hapo kilikuwa lugha ya watu wachache, hasa katika mitaa kama Biryogo na Nyamirambo, miongoni mwa wafanyabiashara, madereva na familia za Kiislamu. Jamii hiyo nayo ina nyimbo za harusi, za kazi na za dini zinazoishi midomoni mwa wazee, na inafahamu vyema tofauti kati ya lugha inayozungumzwa mtaani na lugha inayohifadhiwa katika maktaba. Mzee anapoondoka na nyimbo zake, pengo ni lilelile, ziwe za Kinyarwanda au za Kiswahili.

Vijana wa Kigali wanaoimba leo wana vifaa ambavyo Kazigira na Havugimana hawakuwa navyo. Simu moja hurekodi vizuri kuliko mashine nyingi za mwaka 1956. Wanachoweza kukikuta katika albamu za The Good Ones ni ushahidi kwamba watu wawili wenye gitaa moja wanatosha, endapo wamesikilizana kwa muda mrefu wa kutosha. Albamu zote tano zinapatikana kwenye intaneti. Kwa anayetaka kuanza, "Kigali Y' Izahabu" ya mwaka 2010 ndiyo yenye sauti za waimbaji watatu wa awali, na ndiyo iliyobeba jina la mji huu.